Rehani na Salio la Deni: Historia ya Ardhi na Mkopo Karatu na Ngorongoro

Katika kila mkataba wa rehani zimo ahadi mbili, ambazo mkopaji huzitia saini kwa wakati mmoja na mara nyingi bila kuelezwa kwamba ni mbili. Ahadi ya kwanza ni ya ardhi: kwamba shamba, kiwanja au nyumba iliyotajwa katika hati itakuwa dhamana, na mkopo usipolipwa mkopeshaji ataruhusiwa kuiuza ili arudishe fedha zake. Ahadi ya pili ni ya mtu mwenyewe: kwamba yeye, kwa nafsi yake na kwa mali zake nyingine, atalipa deni lote pamoja na riba. Maadamu bei ya mnada inalitosheleza deni, ahadi hii ya pili haionekani. Lakini mali inapouzwa kwa bei isiyofikia kiasi kinachodaiwa, aliyekwisha kupoteza nyumba hugundua kwamba angali mdaiwa wa kile ambacho nyumba haikuweza kukilipa. Kiasi hicho, ambacho hapa kitaitwa salio la deni, kina historia yake, na historia hiyo inasomeka waziwazi katika nyanda za Karatu na Ngorongoro, ambako kwa takribani karne nzima wameishi kwa ujirani watu walioruhusiwa na sheria kuweka ardhi rehani na watu waliokatazwa na sheria hiyohiyo.

Kabla ya utawala wa kikoloni, ardhi ya nyanda hizo haikuwa kitu cha kukopea. Wairaqw, waliosambaa kuelekea kaskazini kutoka milima ya Kainam iliyo upande wa Mbulu, walipata mashamba kwa njia ya ukoo, ujirani na idhini ya wazee. Wamaasai na Wadatoga waliyashika malisho na visima kwa pamoja. Mkopo ulikuwepo, na ulikuwa mkubwa, lakini ulitembea kwa miguu minne. Mwenye ng'ombe wengi aliwagawa kwa ndugu na marafiki wa mbali, ili ugonjwa au wizi ukitokea mahali pamoja usimalize mali yote. Aliyepokea alipata maziwa na samadi, na ndama kwa kawaida walihesabiwa kuwa wa mwenye mali. Ng'ombe alipokufa kwa maradhi pasipo uzembe wa mtunzaji, hasara ilimwangukia mwenye ng'ombe, na mtunzaji hakubaki na deni la mnyama asiyekuwepo. Huo ulikuwa msimamo kamili kuhusu hatari: aliyetoa mali kwa faida yake mwenyewe alibeba pia balaa la mali hiyo. Ni msimamo unaostahili kukumbukwa, kwa kuwa sheria iliyokuja baadaye ilisimama upande wa pili.

Sheria hiyo ilianza kwa tangazo la Wajerumani la tarehe 26 Novemba 1895, lililotamka kwamba ardhi yote ya Afrika Mashariki ya Kijerumani isiyokuwa na mwenye kuthibitisha milki yake ni ardhi ya dola. Kwa msingi huo walowezi walipewa mashamba hata ndani ya kreta ya Ngorongoro, ambako ndugu wawili, Adolf na Friedrich Wilhelm Siedentopf, walifuga na kulima hadi Vita Kuu ya Kwanza ilipowaondoa. Mashamba yao hayakuchukuliwa kwa sababu ya deni. Yalitaifishwa kama mali ya adui na baadaye yakaingia mikononi mwa Sir Charles Ross. Mwisho wa namna hiyo, yaani ardhi kupotea kwa vita na amri ya serikali badala ya hukumu ya mdai, ungejirudia mara nyingine katika eneo hilo.

Waingereza walipokabidhiwa Tanganyika walitunga mwaka 1923 sheria mbili ambazo kwa pamoja zilitawala rehani kwa zaidi ya miaka 70. Ya kwanza iliifanya ardhi yote kuwa ardhi ya umma, na kumpa mtu haki ya kuitumia tu, kwa muda usiozidi miaka 99. Ya pili, iliyohusu milki na uhamishaji wake, iliingiza nchini sheria ya ardhi ya Uingereza kama ilivyokuwa tarehe 1 Januari 1922, pamoja na kanuni zote za rehani zilizokuwa zimejengwa na mahakama za London kwa karne kadhaa. Mlowezi wa Oldeani aliyekopa kwa ajili ya kupanda kahawa alikuwa basi anafungwa na kanuni zilizotungwa kwa ajili ya makabaila wa Kiingereza, na kanuni hizo zilikuwa na jibu la kina kuhusu salio la deni.

Mkopeshaji wa Kiingereza alikuwa na njia mbili kuu za kuifikia ardhi. Ya kwanza ilikuwa kuiomba mahakama imfungie mkopaji haki ya ukombozi, yaani haki ya kulipa deni na kurudishiwa mali yake hata baada ya tarehe ya kulipa kupita. Amri hiyo ikitolewa, ardhi iligeuka kuwa ya mkopeshaji moja kwa moja. Katika njia hii mahakama ziliweka sharti lenye haki kubwa ndani yake: mkopeshaji aliyekwisha kuichukua ardhi, kisha akamshtaki mkopaji kwa salio, aliifungua tena ile haki ya ukombozi, na mkopaji aliweza kulipa deni lake na kudai ardhi irudi; na kama mkopeshaji alikuwa ameshaiuza kwa mtu mwingine na hawezi kuirudisha, mashtaka yake ya salio yalikataliwa. Kwa maneno mengine, aliyechagua kuwa mwenye ardhi hakuruhusiwa kubaki pia kuwa mdai. Njia ya pili ilikuwa kuiuza ardhi kwa mamlaka yaliyoandikwa katika mkataba, na hapo kanuni ilikuwa kinyume: fedha za mauzo zilihesabiwa kuwa sehemu ya malipo, na kiasi kilichobaki kikawa deni la kawaida ambalo mkopaji angeweza kushtakiwa nalo. Kwa kuwa kuuza ni rahisi na haraka kuliko kuiendea mahakama, njia ya pili ndiyo iliyoshinda katika nchi nyingi zilizorithi sheria ya Uingereza, na salio la deni likashinda pamoja nayo.

Walowezi wa Oldeani na miteremko ya Karatu, wengi wao Wajerumani walioruhusiwa kurudi katikati ya miaka ya 1920, waliijua hatari hiyo. Mbuni huhitaji miaka kadhaa kabla ya kuzaa, na katika miaka hiyo mkulima huishi kwa mkopo. Wengi wao walikuwa bado wanangoja mavuno makubwa ya kwanza wakati mdororo wa uchumi wa dunia uliofuata mwaka 1929 ulipoiangusha bei ya kahawa. Thamani ya shamba ilishuka pamoja na bei ya zao lake, ilhali deni, lililoandikwa kwa shilingi, halikushuka. Hapo ndipo penye kiini cha tatizo la salio popote pale duniani: dhamana na deni hupimwa kwa vipimo viwili tofauti, na katika mwaka mbaya kimoja huanguka na kingine husimama palepale. Vita ilipozuka mwaka 1939, Wajerumani hao waliwekwa kizuizini, mashamba yao yakashikwa na Msimamizi wa Mali ya Adui, na baada ya vita yakagawiwa kwa wengine. Shamba ambalo James Gibb alilichukua mwaka 1948, na ambalo sasa linajulikana na watalii kwa jina lake, ni mojawapo ya mashamba yaliyopita katika mkondo huo.

Katika miaka hiyo yote Mwiraqw aliyelima upande wa pili wa mpaka wa shamba la kahawa hakuwa na jambo la kuogopa kutoka kwa mnada wa benki, na hilo halikutokana na ukarimu wa serikali. Haki yake ya ardhi ilitambuliwa kama haki ya kimila tu, isiyo na hati wala namba katika masijala, na hakuna benki iliyoweza kuipokea. Zaidi ya hayo, sheria ya kuzuia mikopo kwa wenyeji ilimnyima mdai asiye mwenyeji nafasi ya kumshtaki Mwafrika kwa mkopo, isipokuwa mkopo huo ulikuwa umeidhinishwa kwa maandishi na ofisa wa utawala. Serikali ilisema inawalinda wenyeji wasije wakapoteza ardhi yao kwa wafanyabiashara. Ulinzi huo ulikuwa wa kweli, na gharama yake ilikuwa ya kweli vilevile, kwa sababu asiyeweza kudaiwa hakopeshwi, na mkulima wa Karatu aliyekuwa na bidii na udongo wenye rutuba alibaki bila jembe la kukokotwa wakati jirani yake alikuwa na mtambo.

Visiwani Zanzibar utawala huohuo ulikutana na tatizo hilo kwa sura nyingine, na ulinganisho unafaa. Huko wenye mashamba ya mikarafuu walikuwa wameyaweka rehani kwa miongo mingi, mara nyingi kwa bei ya khiyari, yaani mauzo ambayo muuzaji hubaki na haki ya kulikomboa shamba kwa kurudisha bei. Ripoti ya Bartlett na Last ya mwaka 1933 ilipoonyesha kina cha madeni hayo, serikali ilitoa amri ya mwaka 1934 iliyobana uhamishaji wa mashamba ya Waarabu na Waafrika kwenda kwa watu wa jamii nyingine, kisha amri ya mwaka 1938 ya kusuluhisha madeni ya wenye mashamba. Zanzibar ililazimika kuyafungua mafundo yaliyokwisha kufungwa. Tanganyika bara ilichagua kutowapa wananchi wengi kamba yenyewe.

Mabadiliko ya kwanza Karatu yalikuja kwa ngano. Kuanzia miaka ya 1940, na hasa baada ya vichaka vyenye mbung'o kufyekwa chini ya mpango wa maendeleo ya Mbulu, tarafa ya Mbulumbulu ilifunguliwa kwa kilimo cha mashine, na wakulima wa Kiafrika wenye uwezo walianza kutumia matrekta na kukopa. Dhamana haikuwa ardhi. Ilikuwa mashine au mavuno ya msimu ujao. Baada ya uhuru, serikali ilianzisha huko Upper Kitete mojawapo ya skimu za makazi zilizopendekezwa na wataalamu wa Benki ya Dunia, ambamo familia zilizochaguliwa zingelima ngano kwa matrekta ya pamoja na kurudisha polepole gharama za nyumba, maji na mitambo. Kwa hiyo familia ziliingia katika ardhi zikiwa tayari na deni, na deni lenyewe lilihesabiwa kwa gharama za serikali, hata pale ambapo mapato ya ngano hayakuwa na uwezo wa kuzirudisha. Mwezi Aprili 1966 Makamu wa Pili wa Rais, Rashidi Kawawa, alitangaza kwamba serikali haitaanzisha tena skimu za namna hiyo, kwa kuwa zilimeza mtaji mkubwa kuliko faida yake. Upper Kitete yenyewe haikufa, lakini somo la deni lisilolingana na zao lilikuwa limekwisha kuandikwa katika udongo wa Karatu, na kwa watu waliokuwa hawana hata hati.

Azimio la Arusha la Februari 1967 liliyafanya mabenki kuwa mali ya umma, na kwa robo karne iliyofuata mkopeshaji wa mkulima akawa dola yenyewe kupitia Benki ya Taifa ya Biashara, Benki ya Maendeleo Vijijini na vyama vya ushirika. Benki ya Nyumba, iliyoanza kazi mapema katika miaka ya 1970, ilikopesha kwa ajili ya makazi hadi ilipoanguka mwaka 1995. Minada ya rehani ilikuwa michache, na madeni mengi hayakulipwa wala kudaiwa kwa ukali. Yalilimbikizana hadi mwaka 1991 ilipoundwa taasisi maalumu ya kuyakusanya madeni mabaya ya mabenki ya umma, LART, ambayo ilipewa mamlaka makubwa ya kuuza dhamana na pia baraza lake la kusikiliza mashauri. Wadaiwa wengi nchini waliijua kwa mara ya kwanza nguvu ya ile ahadi ya pili kupitia taasisi hiyo.

Wakati huohuo, katika kijiji cha Kambi ya Simba, kata ya Mbulumbulu, lilizuka shauri ambalo lingebadilisha maana ya ardhi kwa nchi nzima. Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970 ilikuwa imewahamisha watu na kugawa upya mashamba, na miaka mingi baadaye baba na mwanawe walishinda mahakamani na kurudishiwa shamba lao la kimila. Mwaka 1992 Bunge lilipitisha sheria ya kufuta haki zote za kimila katika vijiji vilivyoanzishwa na operesheni hiyo na kuzizuia mahakama kusikiliza madai yake. Wanakijiji hao wawili hawakunyamaza. Shauri lao, linalojulikana kama Mwanasheria Mkuu dhidi ya Lohay Akonaay, lilifika Mahakama ya Rufani, na mwaka 1994 Jaji Mkuu Francis Nyalali aliamua kwamba haki ya kimila ya kutumia ardhi ni mali kwa maana ya Katiba, haiwezi kuchukuliwa bila fidia ya haki, na kwamba kusema vinginevyo kungewafanya wananchi wengi kuwa wavamizi katika nchi yao. Hakuna hukumu iliyotoka katika ardhi ya Karatu yenye uzito kama huo. Iliwapa wakulima heshima waliyonyimwa tangu 1895. Na kwa kuwa kilicho mali kinaweza pia kuwekwa rehani, iliwafungulia mlango ambao wazazi wao hawakuwahi kuuona, pamoja na hatari iliyo nyuma yake.

Sheria ya Ardhi na Sheria ya Ardhi ya Vijiji, zote za mwaka 1999 na zilizoanza kutumika Mei 2001, ziliiondoa hatimaye ile sheria ya Uingereza ya 1922. Rehani sasa ni dhamana tu. Haimhamishii mkopeshaji milki ya ardhi kwa namna yoyote. Mkopaji akishindwa kulipa hupewa notisi ya maandishi, na tangu marekebisho ya mwaka 2008 mkopeshaji hawezi kuuza kabla ya siku 60 kupita tangu notisi ipokelewe. Nyumba ya ndoa haiwekwi rehani bila ridhaa ya mwenzi. Muuzaji analazimika kutafuta bei bora inayoweza kupatikana, na bei ikiwa pungufu kwa asilimia 25 au zaidi ya wastani wa bei za mali kama hiyo sokoni, sheria huchukulia kwamba wajibu huo umevunjwa mpaka yeye athibitishe vinginevyo. Kanuni hii ya bei ndiyo ngao kubwa zaidi ya mdaiwa dhidi ya salio, kwa maana kila shilingi inayopotea mnadani kwa haraka au kwa njama hugeuka kuwa shilingi anayodaiwa aliyefukuzwa. Kabla yake, mahakama zilikuwa na desturi ya kutoingilia mauzo ya mkopeshaji isipokuwa pale penye udanganyifu au njama.

Ngao nyingine ni kongwe na haitajwi sana. Sheria ya madalali, iliyorithiwa kutoka enzi ya Waingereza, inataka mnada wa ardhi utangazwe hadharani kwa siku zisizopungua 14, kwa Kiswahili pamoja na Kiingereza, na hata kwa mlio wa ngoma au njia nyingine inayoeleweka na wasiosoma. Katika mji wa Karatu, ambako bei ya kiwanja ilipanda haraka baada ya barabara ya lami kutoka Makuyuni kufika lango la Ngorongoro mwanzoni mwa miaka ya 2000, tangazo la kweli lina maana ya wanunuzi wengi, na wanunuzi wengi maana yake ni salio dogo.

Fedha za mauzo hugawiwa kwa utaratibu: kodi na tozo za ardhi, rehani zilizotangulia, gharama za kuuza, kisha deni lenyewe, na ziada hurudishwa kwa mkopaji. Zisipotosha, sheria ya Tanzania haimfutii deni. Mkopeshaji aweza kushtaki pale ambapo mkopaji alijifunga yeye mwenyewe kulipa, na mikataba ya benki humfunga karibu siku zote. Mdhamini naye huwajibika sawa na mkopaji. Hata hivyo mahakama yaweza kuahirisha shauri la fedha hadi mkopeshaji amalize kwanza njia zake juu ya ardhi. Na akishapata hukumu ya salio, anakuwa mdai wa kawaida anayefungwa na Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai ya 1966, inayokataza kukamatwa kwa nyumba anamoishi mdaiwa na familia yake na shamba ambalo riziki yake inalitegemea lote. Kwa hiyo nyumba aliyoiweka rehani yaweza kuuzwa, lakini makao ambayo hakuyaweka rehani hayaguswi kwa ajili ya salio. Ni jambo la kusikitisha kwamba tofauti hii, yenye uwezo wa kumwokoa mkulima na watoto wake, huelezwa mara chache sana siku ya kutia saini.

Nchi nyingine zilichukua njia tofauti. California, baada ya mdororo wa miaka ya 1930, ilitunga sheria za kuwazuia wakopeshaji kudai salio kwa mikopo ya kununulia nyumba na, kuanzia 1940, kwa mali yoyote iliyouzwa bila kupitia mahakamani. Hispania ilibaki na kanuni kwamba mdaiwa huwajibika kwa mali zake zote za sasa na za baadaye, na baada ya mwaka 2008 maelfu ya familia zilizotolewa majumbani ziliingia mitaani kudai kwamba kukabidhi nyumba kufute deni. Tanzania iko karibu zaidi na Hispania kuliko California, ingawa mikopo yake ya nyumba haijafikia hata asilimia 1 ya pato la taifa. Watu wengi wa Karatu walioweka nyumba rehani walifanya hivyo kwa ajili ya biashara, hasa ya utalii, na janga la mwaka 2020 lilipofunga mipaka ya dunia, kipato kilikoma siku moja na dhamana zikapoteza wanunuzi siku hiyohiyo. Benki Kuu iliruhusu Mei mwaka huo mikopo ipangwe upya, hatua iliyozuia baadhi ya minada ambayo ingefanyika kwa bei mbaya kuliko zote.

Ukivuka lango la Lodoare, habari yote hii inakoma. Hifadhi ya Ngorongoro, iliyoundwa mwaka 1959 ili kuwapokea pia Wamaasai walioondolewa Serengeti, iko chini ya Mamlaka yake, na mkazi hana hati ya ardhi anayokaa. Mwaka 1974 waliondolewa waliobaki ndani ya kreta, na mwaka 1975 kilimo kilipigwa marufuku. Enkaji, nyumba ambayo mwanamke wa Kimaasai huijenga kwa mikono yake, haiwezi kupigwa mnada na benki, wala haiwezi kumpatia mkopo wa kumsomesha mwanawe. Mali inayokopeka ni mifugo tu, na katika ukame mkali dhamana hiyo hufa. Tangu mwaka 2022 serikali imekuwa ikiwahamishia wakazi kijiji cha Msomera, wilaya ya Handeni, kwa ahadi ya nyumba, mashamba na hati, katika zoezi ambalo wengine wamelikubali na wengine wamelipinga vikali wakisema hawakushirikishwa ipasavyo. Kwa familia iliyokwenda huko, hati hiyo ni karatasi ya kwanza katika vizazi vyake vyote inayoweza kupelekwa benki, na ahadi ya pili, ile ya mtu mwenyewe, itasomwa kwake kwa mara ya kwanza na ofisa wa mikopo.